Anayemtunza mzee mwenye demensia asiachwe peke yake

Afrika Mashariki tunajivunia jambo moja kuhusu wazee wetu: hawatupwi. Tunalisema misibani, tunalisema kwenye vikao vya ukoo, na viongozi hulirudia kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani. Jambo hilo lina ukweli. Makao ya kulelea wazee ni machache, na kumpeleka mzazi huko bado ni aibu kwa familia nyingi. Lakini uko ugonjwa unaotupima vizuri kuliko hotuba. Mzee anapopatwa na demensia, yaani ubongo wake unapoharibika kidogo kidogo hadi kumbukumbu, ufahamu na uwezo wa kujihudumia vikamtoka, anayemtunza si ukoo. Ni mtu mmoja. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke: binti ambaye hakuolewa au aliyeachika, mke wa mtoto wa kiume, mjukuu aliyekatishwa masomo, au mke wa mgonjwa ambaye naye amepita miaka sabini na miguu inamuuma. Hoja yangu ni kwamba sifa ya familia ya Kiafrika imegeuka kisingizio. Ndugu wanaitumia kumwachia mmoja wao kazi ya wote, na serikali zetu zinaitumia kuahirisha huduma ambayo hazina tena sababu ya kuiahirisha.

Kisingizio hicho kinapata nguvu kutokana na imani kwamba kusahau kwa namna hii ni uzee tu, na uzee hautibiwi. Imani hiyo si kweli, na imejulikana si kweli kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alianza kumfuatilia mwanamke aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, haelewi yuko wapi na anamshuku mumewe. Alikuwa na miaka 51. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa darubini akakuta mabaka nje ya seli za neva na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli hizo. Leo protini zinazounda mabaka na nyuzi hizo zinajulikana, amiloidi na tau, na ugonjwa wenyewe ulipewa jina la daktari huyo mwaka 1910. Ushahidi mwingine uko hapa hapa kwetu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wenye demensia walikuwa takriban asilimia 6.4, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Kwa maneno mengine, zaidi ya wazee tisa katika kila kumi hawakuwa nayo. Umri unaongeza hatari, hilo halina ubishi, lakini kama uzee peke yake ndio ungekuwa ugonjwa, wazee wa Hai wangekuwa wagonjwa wote.

Ugonjwa wa Alzheimer ndio aina iliyoenea zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote vya demensia. Ipo pia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, mara nyingi baada ya kiharusi au miaka mingi ya shinikizo la damu lisilotibiwa, na mara nyingi aina hizi mbili hukutana kwa mgonjwa mmoja. Katika Alzheimer, sehemu inayoathirika mapema ni ile ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kupokea jambo jipya na kulihifadhi. Ndiyo maana mzee anaweza kusimulia bila kukosea jinsi Azimio la Arusha lilivyopokewa kijijini kwao, lakini asijue kama amekula mchana. Haigizi. Hana kiburi wala hamkomoi mtu. Jambo la leo halikuhifadhiwa, na lisilohifadhiwa haliwezi kukumbukwa hata ukigomba naye mpaka usiku. Familia isiyolijua hili huanza kumwona mzee kuwa msumbufu, na anayeishi naye ndiye anayebeba matokeo ya kutojua huko.

Tumtazame basi huyo anayeishi naye. Siku yake haina mwisho unaoeleweka. Wagonjwa wengi huzidiwa na wasiwasi jua linapokaribia kuzama: mzee anafungasha nguo, anasema anakwenda kwao, nao kwao anakokutaja ni nyumba iliyobomolewa miaka hamsini iliyopita. Usiku anaamka mara nyingi, anafungua mlango, anatafuta choo asikione. Ugonjwa ukiendelea, kuna kumwogesha mtu mzima anayekataa kuvuliwa nguo na mtoto wake, kuna kufua mashuka kila asubuhi, kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, na kumlisha polepole kwa sababu chakula kikipita njia isiyo yake kinaweza kuishia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Juu ya hayo kuna jambo linaloumiza kuliko kazi zote, nalo ni tuhuma. Mgonjwa anaficha pesa au kitambulisho, anasahau alikoficha, kisha anamwambia kila anayeingia kwamba ameibiwa, na mwizi anayemtaja ni yule yule anayemwogesha. Kaka aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Muscat anatuma pesa kwa simu na anatuma maagizo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Akija likizo anamkuta baba yake ameketi barazani, anamsalimia vizuri, anacheka, anauliza habari za wajukuu. Wagonjwa wengi huweza kujikaza hivyo kwa saa moja au mbili mbele ya wageni. Mgeni anaondoka akiamini kwamba dada yake anatia chumvi, na pengine kwamba kweli pesa za mzee zinaliwa.

Hali hii haipo kwetu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Gharama yake kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa dola za Marekani trilioni 1.3, na karibu nusu ya kiasi hicho ni thamani ya kazi ya watunzaji wasiolipwa, ndugu na marafiki, ambao kwa wastani hutumia saa tano kila siku. Wanawake hutoa asilimia 70 ya saa hizo. Takwimu hizi zinasema jambo ambalo bajeti zetu hazisemi: matunzo ya mgonjwa wa demensia yana gharama kubwa, na gharama hiyo inalipwa sasa hivi, kila siku. Inalipwa na mwanamke aliyefunga genge lake, aliyeacha shamba likaota magugu, au aliyekosa kurudi chuoni. Kwa kuwa hakuna stakabadhi, tunaandika kwamba matunzo ya wazee hayatugharimu kitu.

Katika baadhi ya maeneo yetu kutoujua ugonjwa huu kunahatarisha uhai wenyewe. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu kwa uchawi. Kilifi imezika wazee wengi kwa tuhuma hizo hizo, na huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi waliokimbia makwao. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe waliuawa kwa miaka mingi kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao moshi wa kuni na samadi unatosha kuueleza. Sisemi kwamba waliouawa walikuwa na demensia. Nyuma ya mauaji mengi kuna ugomvi wa ardhi na urithi, na wauaji ni wahalifu ambao ujinga hauwapi udhuru. Ninachosema ni kwamba dalili za demensia zinafanana mno na kile ambacho jamii hizi zimefundishwa kukiogopa. Bibi anayetoka usiku, anayekutwa uani kwa jirani hana nguo na hawezi kueleza alifikaje, anayezungumza na watu waliokwisha kufa, huyo ni mgonjwa aliyepotea njia. Pasipo na mtu wa kumtambua kuwa mgonjwa, yupo wa kumwita mchawi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji, chifu, padri na imamu wanahitaji kuujua ugonjwa huu kama daktari anavyouhitaji, maana wao ndio wanaoitwa kwanza.

Ziko hoja dhidi ya haya, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza huuliza: kama hakuna dawa ya kuponya, kupima kunamsaidia nani? Ni kweli Alzheimer haiponi. Dawa za zamani kama donepezili hupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Dawa mpya, lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika jaribio la miezi 18, lakini katika jaribio hilo ilidungwa kwenye mshipa kila wiki mbili, huhitaji picha za ubongo za mara kwa mara kwa kuwa inaweza kusababisha uvimbe na damu kuvuja ubongoni, na ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hiyo si njia yetu ya kesho. Hata hivyo kupima kuna faida kabla ya dawa yoyote. Si kila anayechanganyikiwa ana demensia: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, damu iliyoganda kichwani baada ya kuanguka, dawa zisizopatana, kaswende na VVU huweza kuleta dalili zinazofanana, na mengi ya haya yanatibika. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hajitambui huenda ana malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Kumwacha afe kwa kosa la kumwita mzee ni jambo ambalo hatungeruhusu kwa mtu wa miaka thelathini. Na pale inapothibitika kuwa ni demensia yenyewe, familia inajua inashughulika na nini. Inaweza kupanga mambo ya shamba, akaunti na wosia wakati mgonjwa bado anaweza kusema anachotaka, na inaacha kumwadhibu kwa jambo asiloweza kulizuia.

Hoja ya pili ni ya fedha: tuna malaria, tuna wajawazito, tuna watoto wenye utapiamlo, demensia ingojee. Ningeikubali hoja hii kama huduma ninayoidai ingekuwa hospitali mpya za ubongo. Siyo. Kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiosaidiwa, pombe nyingi, uvutaji wa sigara, upweke na kukosa elimu utotoni. Huko huko Hai, utafiti mwingine ulikuta karibu wazee saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Kulitafuta na kulitibu shinikizo hilo kunazuia kiharusi leo na demensia kesho kwa vidonge vya bei nafuu. Na watu wa kulitafuta wapo. Kenya iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mikoba ya vifaa mwaka 2023, vikiwemo vipimo vya shinikizo la damu na sukari. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Watu hawa wanaingia nyumba kwa nyumba tayari. Kuwafundisha kutambua demensia, na kumuuliza mtunzaji hali yake, ni siku chache za mafunzo.

Tena zana za kufanyia kazi hiyo zimetengenezwa hapa. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilibuniwa kwa watu waliosoma: vinamtaka mgonjwa aandike sentensi au anakili mchoro, na bibi ambaye hakupelekwa shule kwa sababu alikuwa msichana anaonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Kipimo kiitwacho IDEA, kilichoundwa kwa kuwashirikisha wazee wa Hai, hakihitaji kalamu. Mzee huulizwa maswali machache, hutajiwa maneno ya kukumbuka, na huombwa apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kiwilaya tunaweza pia kuendesha vikao vya kuchangamsha akili, mbinu iliyobuniwa Uingereza na kujaribiwa Hai: wagonjwa wachache hukutana mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa jumla, wakazungumza, wakaimba, wakatambua vitu vya zamani na kujadili chakula na kazi walizozijua. Kikundi kilichojaribiwa kilikuwa kidogo, kwa hiyo sitaki kukuza mambo, lakini uwezo wao wa akili uliongezeka na wasiwasi ukapungua. Tazama pia faida ambayo haihesabiwi sana: saa ambazo mzee yuko kikaoni ni saa ambazo mtunzaji wake amelala, amekwenda sokoni au amekwenda kliniki kwa ajili yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa wanaoitoa wanawapenda wazee kwelikweli. Wanasema serikali ikiingia katika matunzo, tutafuata njia ya Ulaya, watoto watawapeleka wazazi kwenye makao na kuwasahau. Nadhani wamegeuza sababu na matokeo. Familia haivunjiki kwa kusaidiwa. Inavunjika pale mtu mmoja anapoelemewa hadi anaanza kumfungia mama yake chumbani ili aweze kwenda kuchuma mboga, au kumpa vidonge vya usingizi alivyonunua duka la dawa bila ushauri, au kumpiga, kisha akalia kwa aibu. Hayo hufanywa na watu wanaowapenda wazazi wao. Mtunzaji anayepumzika siku mbili kwa wiki, anayejua nani wa kumuuliza, anaweza kumweka mzazi wake nyumbani miaka mingi zaidi kuliko aliyeachiwa kila kitu.

Wala serikali haiwezi kufanya yaliyo ya ndugu. Kikao cha ukoo kinachokutana kupanga michango ya harusi kinaweza kukutana kupanga zamu za mama: nani analala naye Ijumaa na Jumamosi, nani anamchukua mwezi wa Desemba, nani analipia msaidizi wa kazi za nyumbani ili dada asifue peke yake. Wanaume wasiishie kwenye kutuma pesa. Kumnyoa baba na kumwogesha ni kazi ambayo mtoto wa kiume anaiweza, na wazee wengi wa kiume hawangeona haya sana wakihudumiwa na watoto wao wa kiume. Anayechukua zamu ajifunze mambo machache ambayo mtunzaji aliyezoea ameyagundua kwa taabu. Mzee akisema anamngoja mama yake, usimwambie kila siku kwamba mama yake alikufa, maana kila siku atafiwa upya. Muulize mama huyo alikuwa anapika nini. Mambo yafuate mpangilio ule ule, taa ya chooni iwake usiku, nguo zipangwe kwa namna anavyozivaa. Mwimbishe kaswida au nyimbo za kanisani alizozijua utotoni, kwa kuwa hizo hudumu hata maneno ya kawaida yanapopotea. Wengi waliojifunza Kiswahili ukubwani hurudi kwenye Kichaga, Kigiriama au Kisukuma, na msichana wa kazi asiyekijua humwona mzee kuwa anaropoka. Afadhali mjukuu afundishwe salamu na majina ya vyakula katika lugha hiyo. Tukio la asubuhi litafutika, lakini utulivu au hofu aliyoipata hubaki naye hadi jioni. Kwa sababu hiyo namna ya kusema naye ni sehemu ya tiba.

Kuhusu fedha za moja kwa moja, msingi upo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya tangu 2018 ina Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Malipo haya yanamhesabu mzee, na hayamwoni aliyeacha kazi ili amtunze. Nyongeza kwa kaya yenye mgonjwa aliyethibitishwa, ikilipwa kwa jina la mtunzaji, ingekuwa mara ya kwanza kazi yake kutambuliwa na taifa lake. Hofu ya udanganyifu ina mantiki, ila muuguzi aliyefundishwa kupima anaweza kuthibitisha mgonjwa kama anavyothibitisha ujauzito. Mwaka 2017 nchi zetu, pamoja na wanachama wengine wa Shirika la Afya Duniani, ziliridhia mpango wa dunia kuhusu demensia, ambao unataja wazi msaada kwa watunzaji na mafunzo kwa wahudumu wa afya. Kwa hiyo swali ninaloomba kila mbunge aulizwe jimboni kwake kabla ya bajeti ijayo ni hili: ni zahanati ngapi hapa zenye muuguzi hata mmoja anayeweza kumpima mzee aliyepoteza kumbukumbu, na aliyekuja naye ameelekezwa kwa nani?